Finalisti Mara Mbili

Ninyi mliobaki katika ile ofisi ya mwisho wa veranda mmeniomba niandike namna kazi ilivyokuwa. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu sina la kufanya asubuhi. Hapa mtaani Bigo naamka mapema kama zamani, napiga shati pasi, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Mke wangu alisema nipande maharagwe. Nimeyapanda. Maharagwe hayaulizi kitu.

Sitaandika juu ya vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi yenyewe ya konseye wa shule, mtu anayewaongoza wanafunzi wachague chuo na kuwatafutia bursi, yaani masomo ya kulipiwa kwa wale waliofaulu sana. Ni kazi ya ajabu kidogo. Ukiifanya vizuri, watoto uliowazoea wanaondoka mjini. Ukiifanya vibaya wanabaki, na unakutana nao sokoni.

Siku yangu ya kwanza nilikuta meza mbili, kabati la chuma lenye mlango usiofunga, na Muzee Anselme. Alikuwa konseye tangu kabla sijazaliwa, au ndivyo alivyopenda tuamini. Hakunikaribisha kwa maneno mengi. Alinisukumia barua moja ya kizungu cha ofisini, akaniambia niisome, kisha akaendelea kunoa kalamu zake kwa wembe. Nilipomaliza akauliza inasema nini. Nikamweleza.

“Ulisoma mupaka wapi?” akaniuliza.

“Mupaka pale nilielewa, Muzee.”

“Hapo njo watu wanapotea. Kuelewa iko na haraka, kusoma haina haraka. Barua inasomwa mupaka kwa kashe.”

Kashe ni muhuri, ule wa chini kabisa. Akanirudishia barua pamoja na rula ya mbao, akanionyesha namna ya kuiweka chini ya kila mstari na kuishusha polepole. Nilikuwa na diploma yangu mpya, nikaona ananifundisha kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikasirika siku nzima. Mstari wa mwisho wa barua ile, ambao sikuufikia, ulisema kwamba maelezo yote ya juu yamefutwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, nami nilivipenda vyote. Shemizi, yale majalada ya karatasi ngumu, zilikuwa za rangi mbili, kijani kwa dosie, yaani faili ya mwanafunzi, iliyokamilika na waridi kwa dosie inayongoja kitu. Kulikuwa na kitoboa karatasi kilichokuwa kikitoboa tundu moja na nusu. Kulikuwa na kile kisanduku cha wino wa muhuri ambacho kiangazi kilikikausha. Kukilainisha tulitumia tone la maji, si mate, hata kama mwenzetu mmoja wa sekretaria hakushawishika kamwe. Mkikitumia bado, kifunikeni.

Mtadhani kesi ngumu ni za watoto wasiojua kitu. Hapana, kesi ngumu ni za majina. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye baba yake, Mwislamu, alichimba dhahabu Mongbwalu, na mama yake alikuwa Mkatoliki. Kila mwalimu alimwandika kadiri ya moyo wake: buletini moja, yaani ripoti ya shule, ilisema Ramazani, ya pili Ramadhani, na ya tatu, ya mwalimu mwimba kwaya, ilisema Romain. Wenye bursi wakatuandikia kuuliza ni yupi kati ya ndugu hawa watatu anayeomba. Tulizunguka ofisi za mji majuma matatu kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba watatu ni mmoja. Alienda, akasoma, leo ni mhandisi mbali na hapa, na jina alilobaki nalo ni Romain. Baba yake sidhani kama anajua.

Muzee Anselme aliporudi kwao Irumu kulima, aliniachia rula na ufunguo wa kabati lisilofunga. Amekwisha kufariki. Nina hamu naye kila wiki, hasa nikiwa na karatasi mkononi na hakuna wa kuniuliza nimesoma mpaka wapi.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo mmekuwa mkiizungukia bila kuniuliza. Nimeiweka moyoni vya kutosha.

Lakini kwanza neno. Kwetu Kongo, finalisti ni mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari, yule atakayefanya mtihani wa serikali. Basi. Awe wa kwanza au wa mwisho, awe anasinzia nyuma ya darasa, ni finalisti. Tunasema hivyo kanisani, tunaandika hivyo kwenye fulana zao. Nje ya kwetu, kumbe, neno hilohilo lina maana nyingine, ya mtu aliyechujwa pamoja na wengi mpaka akabaki kati ya wachache wa mwisho. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini, na sikuwa nikijua.

Claudine Afoyorwoth alikuja kwangu akiwa mwaka wa sita, sehemu ya kemia na biolojia. Alikuwa Mualur wa upande wa Mahagi, akikaa Rwambuzi kwa shangazi yake. Mama yake alibaki kando ya ziwa, akikausha samaki kwa moshi na kuwaleta kuuza Bunia. Mtoto huyu hakuwa na maneno mengi. Nilipomuuliza anataka kusoma nini, kama ninavyowauliza wote, alijibu kabla sijamaliza.

“Udaktari ya macho.”

“Juu ya nini macho?”

“Moshi ya samaki imekula macho ya mama, Konseye. Asubuhi hazifunguke mupaka aoshe na maji ya moto. Na kule kwetu, mutu wa macho hakuna.”

Kulikuwa na shirika la nje lililotoa bursi kwa watoto wenye akili sana, likilipa kila kitu katika vyuo vitatu: kimoja Kisangani, kimoja Goma, kimoja ng’ambo, Kampala. Tulijaza fomu pamoja alasiri nyingi. Vyuo tulivijadili kama watu wanaochagua mchumba. Goma ilikuwa karibu na mjomba wake, lakini mjomba alikuwa mtu wa kusimamia watu. Kampala ilitaka Kiingereza, naye alikuwa nacho cha kusalimia tu. Kisangani walikuwa wanafundisha udaktari, na wakubwa wengi tuliowajua walikuwa wametoka huko. Alizunguka Kisangani kwa kalamu, akaifuta, akaizunguka tena. Nilimwambia asihangaike, kuchagua chuo kutakuja baadaye, wakimkubali. Mahali fomu ilipouliza ngazi yake ya masomo, niliandika kwa mkono wangu: mwanafunzi finalisti.

Mnaanza kuona.

Jibu lilikuja kwenye barua pepe ya shule. Nililichapisha katika sekretaria, kibanda cha kuchapisha karatasi karibu na soko, nikalisoma nimesimama, huku mwenye kibanda akinihimiza kwa sababu umeme ulitaka kukatika. Mstari wa kwanza ulisema: tunafurahi kumjulisha Bibi Afoyorwoth kwamba yumo katika finalisti. Nikacheka. Nikasema hawa watu wa mbali wana adabu, wameandika karatasi nzima kutuambia kile tulichowaambia wenyewe. Nikafikiri ni barua ya kukiri kwamba wamepokea dosie. Sikuwa na rula. Nikaikunja, na nilipofika ofisini nikaitia katika shemizi ya waridi, ile ya kungoja.

Claudine alipopita nikamwambia, “Wamejibu. Wanajua uko finalisti. Tungoje.”

“Sawa, Konseye,” akasema. Tukangoja wote wawili, kwa utulivu mkubwa.

Barua ya pili ilikuja baada ya juma la tano. Hiyo niliisoma vizuri, kwa rula, mezani. Ilisema kwamba kwa kuwa Bibi Afoyorwoth hakujibu wala hakuchagua chuo katika siku kumi na tano alizopewa, nafasi yake imepewa anayemfuata. Niliitoa ya kwanza kwenye shemizi. Chini ya mstari ule niliouchekea palikuwa na yote: kwamba walioomba walikuwa wengi mno, kwamba waliobaki walikuwa wachache, kwamba alikuwa miongoni mwao, na kwamba achague kati ya Kisangani, Goma na Kampala, arudishe jibu. Chini palikuwa na muhuri, mzuri, wa bluu.

Niliwaandikia siku hiyo hiyo kuomba radhi. Walijibu kwa heshima kwamba haiwezekani.

Sasa niwaambie lile baya zaidi, maana kukosea mstari ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Claudine alikuja saa za kutoka, katika sare yake, vitabu kifuani. “Konseye, iko namna gani?” Nilikuwa na barua zote mbili chini ya kiwiko. Nikamwambia: “Haikutoka, Claudine.”

Alisogeza vitabu kifuani. “Nilikuwa nafikiri nilijibu muzuri.”

“Walikuwa wengi,” nikasema. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

“Merci, Konseye. Ulisumbuka sana juu yangu.”

Jumamosi mama yake alinitumia samaki wa moshi, mkubwa, amefungwa katika majani, shukrani ya kusumbuka. Nilimla. Alikuwa mtamu, jambo ambalo linanikera hadi leo.

Matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, mji ulijaa poda nyeupe kama kawaida, watoto wakimwagiana vichwani na kupiga kelele juu ya pikipiki. Claudine alikuwa na pointi ambazo shule yetu haikuwa imeziona kwa muda mrefu. Alikuja na poda kwenye nyusi kunisalimia. Nilimpongeza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mwezi wa kumi akaingia katika shule ya wauguzi hapa hapa Bunia. Niliwaambia watu kwamba uuguzi ni kazi nzuri, na ni kazi nzuri kweli. Nikimwona barabarani katika blauzi yake nyeupe nilifurahi kumwona, na ndani ya furaha hiyo mlikuwa na kitu cha aibu: kati ya wote niliowapenda, huyu mmoja hakuenda mbali.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha ikaja bursi nyingine, ya watu waliokwisha kuanza masomo ya afya na wanataka kuendelea na udaktari. Niliposoma masharti, mpaka kwenye muhuri, niliona ni kana kwamba wamemwandika yeye. Nilichukua fomu nikaenda Rwambuzi alasiri. Mama yake alikuwepo, amekuja na samaki. Macho yake yalikuwa mekundu hata bila moshi kuwapo. Walinipa kiti na sahani.

Claudine aliangalia fomu bila kuishika. “Aa, Konseye. Mupe mwingine.”

“Weye njo mwenye kufaa.”

“Miye nilijaribu mara moja. Hata ya kwanza sikupita. Kuko watu wenye akili ya vile. Miye niko na akili ya Bunia.”

Mama yake akaongeza, kwa kunihurumia mimi, “Konseye, usimusukume. Tangu ile siku mutoto alisema: mama, bursi haiko ya watu kama siye. Nikamwambia ni kweli. Akatulia.”

Hapo ndipo nilipojua nilichomnyang’anya. Nilidhani nimempotezea nafasi tu, na nafasi huja nyingine. Kumbe nilimfundisha kwamba hafai, mimi, mwalimu wake, kwa neno moja, na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri, alilishika. Niliaga. Nilifika barabarani, nikasimama na fomu yangu mpaka mwenye moto, pikipiki ya kukodi, akaniuliza kama naenda au siendi. Nilienda, lakini kesho yake nilirudi na shemizi ya waridi. Wakanipa tena kiti na sahani.

Alisoma barua ya kwanza akiwa amesimama, mlangoni palipo na mwanga. Aliisoma yote. Kisha akarudi juu.

“Konseye, hii ulisoma?”

“Mustari wa kwanza.”

“Na ingine?”

“Sikusoma. Niliona finalisti, nikasema wanasema uko mwaka wa sita.” Nilipolisema kwa sauti, ilikuwa karibu kichekesho, lakini hakuna aliyecheka. “Halafu nilikuambia uongo. Ulipita, Claudine. Haikutoka kwa kosa yangu miye, haikuwa kosa yako. Nilipata haya. Unisamehe.”

“Nilikuwa finalisti mara mbili,” akasema, kama mtu anayepiga hesabu. “Mara mbili, na hakuna mutu aliniambia.” Kisha sauti ikapanda. “Miaka mbili, Konseye! Nilikuwa naona wenzangu wanaenda, najiambia: angalia wenye akili, wale njo watu. Weye ulikuwa unapita hapa, unanisalimia: Claudine, masomo? Unanisalimia!”

Mama yake akauliza kitu kwa Kialur. Claudine akamweleza. Sikielewi Kialur, isipokuwa nililisikia jina la kazi yangu, Konseye, likirudi kila baada ya maneno machache. Mama alinitazama kwa macho yale. Hakunitukana. Aliinua sahani iliyokuwa mbele yangu, akaifunika kwa sahani nyingine, akaibeba ndani.

“Uniachie fomu,” Claudine akasema. “Na barua.”

Nanyi mtashangaa mdomo wangu ulijibu nini. Ulijibu: “Barua ni ya dosie ya shule.”

“Iko na jina yangu.”

Nikaiacha. Ndiyo maana mkifungua kabati mtakuta shemizi moja ya waridi haina kitu, ina jina tu. Msiitupe, na msiitumie kwa mtoto mwingine.

Fomu aliijaza peke yake. Barua ya kumpendekeza aliomba kwa mwalimu wake wa shule ya uuguzi, nami nilisikia kwa watu tu. Miezi ile nilikuwa nikienda sekretaria bila sababu. Nilijiambia kwamba nataka apate ili kosa langu lifutike. Baadaye nikaona si hivyo, nilitaka tu apate.

Asubuhi moja, kabla sijaenda kazini, moto ilisimama mbele ya uzio wangu. Claudine alishuka. Begi lake lilikuwa limefungwa nyuma kwa mpira, na dereva hakuzima mashine. Hakunisalimia kwanza. Alininyoshea karatasi.

“Soma, Konseye. Kwa sauti.”

Niliisoma kwa sauti, pale pale uzioni, jirani yangu akiwa na mswaki mdomoni anasikiliza. Nilisoma jina lake, nikasoma kwamba amechaguliwa, na kwamba chuo alichochagua ni Kisangani, udaktari. Nilisoma masharti, vipengele, tarehe, hata anwani ya shirika na namba ya sanduku la posta. Katikati sauti ilinikatika mara mbili. Hakunisaidia, alingoja.

“Umefika kwa kashe?”

“Nimefika.”

“Basi.” Akaichukua, akaikunja vizuri, akaitia katika mfuko wa koti. “Nilitaka weye njo usome.”

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, niliyaandaa miezi mingi. Nikasema, “Kule Kisangani joto iko kali.”

“Najua, Konseye.” Akapanda. Moto ikateremka kuelekea uwanja wa ndege, nami nikabaki na mkono juu, nikimpungia mtu ambaye hakugeuka.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine. Niliwapeleka wengi. Rula ile mnayo, mstari kwa mstari, na neno finalisti nimewaandikia kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa kabati, maana zote mbili. Wengi wa niliowapeleka wananipigia simu, sikukuu kwa sikukuu, wananiita Papa Konseye, wananiambia habari za ndoa na watoto na magari. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini simu ikilia, kabla sijaangalia jina, huwa nawaza mtu mmoja tu, na kamwe si yeye.

Mama yake nilimwona sokoni juzi, nyuma ya samaki wake. Tulisalimiana. Nilimuuliza habari za mtoto, akasema, “Yuko na masomo yake ya macho,” na macho yake yalikuwa bado mekundu, lakini alinichagulia samaki mzuri. Sikuthubutu kuuliza zaidi.

Ninyi vijana mnasafiri kuliko sisi, mara semina, mara mikutano. Mmoja wenu akifika Kisangani, akipita katika hospitali ya chuo na kumwona daktari mwanamke wa macho, mfupi, asiye na maneno mengi, asimwulize kama amenisamehe. Amwambie tu kwamba nimestaafu, nipo Bigo, na namba yangu ni ile ile.